Kava za Kalunde

Kitabu kisicho na kava, kwa Kalunde, kilikuwa mtoto aliyetumwa dukani bila suruali. Hakujali kimetoka ng'ambo au Nairobi, wala hakujali kimeandikwa na profesa gani. Kikifika Nunguni sharti kivalishwe kwanza, ndipo kiwekwe mbele za watu.

Mambo yalianza mwaka ule maktaba ilipofunguliwa, katika chumba ambacho zamani kanisa lilikuwa likihifadhi mbegu. Shirika moja la Nairobi lilileta maboksi ya vitabu vilivyochangwa ng'ambo, kanisa likatoa chumba, na Mumbua, aliyekuwa amefundisha watoto wa nasari miaka mingi, akapewa ufunguo. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kuchekesha, lakini ufunguo ule aliuvaa shingoni kwa kamba kama mtu aliyeshinda mbio. Kalunde aliingia siku ya manyunyu, akijikinga tu. Alikuwa mama aliyevuka sitini, mshonaji wa sare za shule aliyeiacha cherehani miguu ilipokataa kukanyaga. Akatazama rafu, akashika kiuno.

"Aiya! Vitabu uchi namna hii? Na ukungu yetu hii?"

Kila aliyepita shule za Kenya anajua kwamba muhula ukifunguliwa kazi ya kwanza si kusoma, ni kupiga vitabu kava, na asiye na kava alikuwa akila kiboko. Kalunde hakupita shule yoyote. Lakini alikuwa amewapigia kava watoto wake wote, na mikono iliyozoea kukunja pindo la sketi haishindwi na karatasi. Kesho yake alirudi na mzigo wa kalenda kuukuu, mifuko ya simiti iliyopanguswa vumbi, karatasi za kaki na mabango ya mikutano ya injili iliyokwisha zamani. Akaketi, akavuta kitabu cha kwanza, akauliza, "Hiki kinasema nini?"

Mumbua alidhani ni swali la kupitisha wakati. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kalunde hakuweza kukivalisha kitu asichokijua. Basi Mumbua alikuwa anafungua ukurasa wa kwanza, anasoma Kiingereza kimoyomoyo, anaeleza kwa Kikamba, na Kalunde anasikiliza kidevu kikiwa kiganjani. Akimaliza, anapekua mzigo wake mpaka apate karatasi inayofaa. Kitabu cha maradhi ya mifugo alikivalisha picha ya gari moshi kutoka kwenye kalenda, kwa sababu ukurasa wa kwanza ulisema maradhi husafiri kutoka zizi hadi zizi, naye hakuona kitu kinachosafiri na kubeba wengi kuliko gari moshi. Cha malezi ya watoto wachanga kilipata ng'ombe wa maziwa. Cha uhasibu kilipata mfuko wa simiti, kwa kuwa Mumbua alisinzia akikisoma, na Kalunde akasema kitu kizito hivyo kinataka nguo nzito.

Haikuchukua muda watu wakaanza kuviita vitabu kwa mavazi yake. Mtu alisimama mlangoni akaomba kile cha ng'ombe, au kile cha mhubiri aliyeinua mkono, na Mumbua akakitoa bila kufikiri. Majina yaliyochapwa kwenye kurasa za ndani alikuwa ameanza kuyasahau, na wala hakuona hasara.

Kompyuta ililetwa Kalunde akiwa hayupo. Binti yake Syokau, aliyeolewa Kanyangi, upande wa Kitui, alikuwa amejifungua, na mama akaenda kumkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji, kama ilivyo desturi. Ndipo Mutiso akaja kutoka Nairobi na gari la shirika. Alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali. Akaiweka kompyuta juu ya meza, akachomeka nyaya kwenye umeme ambao soko lilikuwa limeupata mwaka mmoja tu uliopita, kisha akatoa kidude chenye mkia, mfano wa tochi, kinachotoa mwanga mwekundu.

Siku hizi mtu yeyote anaelekeza kamera ya simu yake mgongoni mwa kitabu, simu inalia, na habari zote zinajileta zenyewe. Hakuna anayeshangaa. Lakini huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba, na katika Nunguni nzima simu ilikuwa ile ya posta, nayo siku nyingi ilikuwa imekufa.

"Madam, hii kitu ni simple sana," Mutiso alisema. "Kila kitabu tumewaletea iko na hizi mistari nyeusi huku nyuma. Unamulika mistari, computer inakuambia ni kitabu gani, na nani amebeba."

Alimulika kitabu kipya alichokuja nacho mkononi. Kikalia piip, na jina la kitabu likatokea kwenye kioo, herufi za kijani. Mumbua aliruka kidogo kwenye kiti, akacheka kwa sauti, akaomba kimulikwe tena. Moyo wake uliingia mle ndani ya mashine moja kwa moja.

Kisha Mutiso akachomoa kitabu kwenye rafu. Mwanga mwekundu ukaanguka kwenye ubavu wa ng'ombe wa maziwa. Kimya. Akajaribu tena, ng'ombe hakusema kitu.

"Imejificha," alisema akicheka. "Mistari lazima ionekane, madam. Nikirudi end month nataka nipate vitabu zote zimeingia. Wale wa maktaba ya Salama wanaililia hii machine. Nyinyi mkishindwa nawapelekea wao, pamoja na maboksi ya mwaka huu."

"Hatuwezi kushindwa!" Mumbua alisema, tayari amesimama. "Usiwe na wasiwasi. Haya makaratasi tutayatoa yote."

"Sawa," Mutiso alisema, akitafuta funguo za gari mfukoni.

Hayo ndiyo yaliyosemwa, wala hapana zaidi, na msomaji ayashike. Ndivyo tulivyo huku kwetu: mgeni wa Nairobi akisema koo limekauka, tunachinja mbuzi.

Mumbua alianza kuvua vitabu asubuhi iliyofuata. Alijua Kalunde angeumia. Alilijua hilo tangu karatasi ya kwanza, ndiyo maana alifanya haraka, akijiambia kwamba mwenzake akikuta kazi imekwisha ataumia mara moja tu, kuliko kuumia kidogo kidogo akitazama. Mtu akitaka kukosea hakosi sababu nzuri. Alikwangua gundi kwa ukucha, akachana, akatupa karatasi ndani ya gunia nyuma ya mlango. Chini yake vitabu vilikuwa na majalada yake ya asili yanayong'aa, na Mumbua alikiri moyoni kwamba yalikuwa mazuri. Alimulika, kikalia piip. Akamulika kingine. Mlio ule ulikuwa mtamu, na mtu anaweza kuuzoea kama sukari.

Rafu zilibaki mbili siku ya soko ilipofika, na pamoja nayo Abdille. Huyu alikuwa Msomali mfanyabiashara wa mifugo aliyeishi Salama na familia yake, akipanda Nunguni kila soko kununua mafahali na kuwasafirisha. Kwa miezi mingi alikuwa akisoma kitabu kimoja tu, polepole, akikaa kwenye benchi la maktaba huku lori lake likipakiwa.

"Mama Maktaba, habari? Nipatie ile yangu ya gari moshi."

Mumbua aligeuka kwenye rafu kwa mazoea, mkono ukiwa umenyooshwa, na mkono ukabaki hewani. Hapakuwa na gari moshi. Palikuwa na migongo ya vitabu, myekundu, ya buluu, ya kijani, yote ikimtazama kama wageni waliokaribishwa na mtu mwingine.

"Ngoja niulize kompyuta," alisema.

Akaandika neno la gari moshi kwa Kiingereza. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna. Akaandika ng'ombe, ikampa kitabu cha watoto cha hadithi ya ndama aliyepotea. Akaandika maradhi, na orodha ikajaa kioo mpaka chini: ya moyo, ya mahindi, ya akili. Abdille aliletewa cha kwanza akakitazama, akaletewa cha pili, akatikisa kichwa.

"Hii ni ugonjwa ya watu, mama. Mimi nataka ile ukurasa ya kukohoa. Niko na ndume pale kwa lori inakohoa tangu asubuhi, nataka kujua kama nichanganye na wengine ama nitoe. Jina yake? Wallahi sijui jina. Ni ile ya gari moshi."

Hata Mumbua hakujua jina. Hilo ndilo lililomtoa jasho. Alipekua rafu hadi wapakiaji wa lori wakaanza kupiga honi, na Abdille akatoka mikono mitupu, akisema kwa upole kwamba atamtoa yule fahali, heri hasara ya mmoja. Hakumlaumu. Ungwana wake ulimchoma Mumbua kuliko ambavyo matusi yangemchoma.

Kalunde alirudi siku mbili baadaye. Aliingia na kifurushi cha ndengu za Kanyangi kwa ajili ya Mumbua, na kwapani amebana bomba la karatasi ngumu ya rangi ya machungwa, safi, haijakunjwa hata kona.

"Mtoto ni msichana," alisema kabla ya kuketi. "Mkubwa, analia kama chifu. Na hebu ona hii karatasi! Nimempigia magoti mwenye duka mpaka akanipa. Boksi mpya ikija..."

Alikuwa ameziona rafu.

Alisogea taratibu, akachomoa kitabu kimoja. Akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma, akafungua, akafunga. Akakirudisha kichwa kikiwa chini miguu juu, bila kujua. Mumbua alisema maneno mengi kwa pamoja, kuhusu kompyuta, kuhusu mistari, akamulika kimoja kikalia piip ili mwenzake aone uzuri wake.

"Karatasi ziko wapi?" Kalunde aliuliza.

Mumbua alionyesha gunia kwa kidole. Kalunde alilifungua, akatia mkono, akatoa nusu ya mhubiri aliyeinua mkono, akamrudisha.

"Ni sawa, Mwalimu," alisema. Akafunga gunia, akalibeba mgongoni, akatoka. Ile karatasi ya rangi ya machungwa ilibaki juu ya meza.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwita Mumbua mwanangu. Neno Mwalimu lilikaa chumbani siku nzima.

Wiki hiyo Kalunde hakuonekana, si maktabani, si kanisani kwenye kikundi cha akina mama. Mumbua alivua na kumulika rafu moja kati ya zile mbili zilizobaki, na mlio ukawa mlio tu. Mwishowe akafunga mlango mapema, akateremka kilima kwenda kwake. Alimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, akipepeta ndengu. Gunia lilikuwa kando yake.

"Karibu, Mwalimu."

"Mwaitu, nimekuja kuomba msamaha," Mumbua alisema, akimwita mama kama anavyoitwa mama wa mtu mwenyewe. Mpaka hapo alikuwa anaenda vizuri. Kisha akaogopa. "Lakini si mimi. Ni Nairobi. Walileta mashine, wakasema kava zote zitoke. Ningefanya nini?"

Uongo ulitoka laini kama mlenda. Kalunde alipepeta, makapi yakaruka.

"Kama ni Nairobi, ni Nairobi. Mimi siwezi kugombana na serikali."

"Si serikali, ni shirika."

"Wote wako na gari." Aliweka uteo chini. "Lakini nikuulize kitu kimoja. Mimi nikiingia pale sasa, nitasoma nini?"

Mumbua hakuelewa.

"Nilikuwa nasoma, wewe. Nikiona gari moshi, najua: hii inaongea juu ya maradhi inatembea zizi kwa zizi, na mnyama akitoa mate mtenge. Nikiona ile ng'ombe, najua mtoto hapewi uji kabla ya miezi yake. Wewe ndio ulinisomea, na mimi nikaandika na karatasi ndio nisisahau. Nilikuwa nasimama hapo katikati nasoma yote, kutoka mlango mpaka dirisha, na hakuna mtu alijua. Hiyo siku nimetoka Kanyangi, nimeingia, nimeona rangi tu." Akaokota uteo tena, akautazama bila kupepeta. "Mlinirudisha nikawa mjinga. Na hii uzee yote."

Mumbua aliona aibu ya kweli. Alitaka kusema, nusura aseme, kwamba hakuna mtu wa Nairobi aliyetoa amri yoyote. Lakini Kalunde alikuwa amemkasirikia Mutiso, na hasira iliyoelekea kwa mtu mwingine ina kivuli kizuri cha kujikinga. Akaaga, akaondoka, na njiani hakuitikia salamu ya mtu.

Asubuhi alifungua maktaba, akachukua karatasi ya rangi ya machungwa na wembe. Akakata kipande, akakivalisha kitabu, kisha mgongoni, pale palipo na mistari, akakata dirisha. Lilitoka limepinda, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Akamulika kupitia hapo. Piip. Akafunga tena maktaba, akateremka kilima mbio mbio na kitabu kifuani.

Kalunde alikipokea. Akatia kidole kwenye lile dirisha, akakizungusha.

"Ni panya gani amekula hapa?"

"Ni mimi, Mwaitu."

"Naona." Mdomo wake ulitetemeka pembeni, kisha akacheka, na alipocheka Mumbua naye alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. "Dirisha inakatwa kabla ya kukunja, si baadaye, kama tundu ya kifungo. Nipe huo wembe. Na usishike karatasi nzuri tena bila mimi."

Wakabeba gunia wote wawili hadi maktabani. Hapo ndipo walipoona ukubwa wa kazi. Karatasi zilikuwa zimechanganyika, nyingine zimechanika, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ipi ilikuwa ya kitabu kipi. Kalunde aliapa kwamba mhubiri aliyeinua mkono ni wa kile cha nyuki. Mumbua akakifungua akasoma, haikuwa hivyo. Mumbua naye alishikilia kwamba mfuko wa simiti ni wa kile kikubwa chekundu, nacho kikaja kuwa cha mapishi. Njia ya mkato ilikuwepo, tena wazi: kuvalisha kila kitabu karatasi yoyote, kukata dirisha, kumulika, na kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Mumbua aliitaja kwa sauti ya chini.

"Kitabu haivai nguo ya jirani," Kalunde alisema. "Lakini wewe ndio unajua mambo ya Nairobi. Sema wewe."

Mumbua aliitazama kompyuta. Aliipenda, asidanganye mtu. Aliona maboksi ya mwaka huo yakiteremshwa Salama mbele ya macho yake, na maktaba yake ikibaki na vitabu vile vile hadi viote uyoga. Kisha akavuta kitabu cha karibu, akakifungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.

Basi walianza kuisoma maktaba upya, ukurasa wa kwanza wa kila kitabu kilichovuliwa. Mumbua aliendelea hadi Kalunde ainue mkono na kusema, "Ngoja, hii naijua," kisha azamishe mkono ndani ya gunia. Mara nyingine alitoa karatasi sahihi kwa mkupuo. Mara nyingine walibishana mpaka chai ikapoa. Kitabu cha Abdille walikipata siku ya soko yenyewe, kwenye rafu ya chini, jalada lake la asili likiwa jeupe lisilo na picha hata moja. Gari moshi lilichanika mabehewa ya nyuma, ikabidi Kalunde aliunge kwa kipande cha kaki. Abdille alipoingia alilipokea kwa mikono miwili.

"Gari imepata ajali," alisema.

"Lakini inafika," Kalunde alijibu, akamwonyesha dirisha la nyuma. Abdille akaenda zake kwenye benchi na ukurasa wake wa kukohoa.

Mutiso alirudi alivyoahidi. Alikuta Kalunde ameketi sakafuni juu ya mkeka, amezungukwa na vipande, wembe mkononi, na Mumbua mezani. Rafu nyingi zilikuwa zimevalishwa upya. Moja ilikuwa bado uchi, na nyingine, ile ya mwisho kabisa, haikuwa imeguswa, iko na kava zake za zamani na mistari ndani. Alikuja na boksi jipya begani, akalitua karibu na mlango bila kusema ni la nani.

Mutiso alizunguka, akachomoa kitabu, akakigeuza, akaona dirisha. Akakimulika. Piip. Akachomoa kingine, kikalia.

"Hii ni poa," alisema. "Nani amefikiria hii? Hii mnafaa mfundishe wale wengine. Lakini sasa, madam, mbona hamjamaliza? Mlikuwa na mwezi mzima."

"Tulivua kwanza," Mumbua alisema. "Halafu tukavalisha tena."

"Mlivua? Kwa nini mvue?"

Mkono wa Kalunde ulisimama, wembe ukiwa katikati ya karatasi.

"Si ulisema..." Mumbua alianza.

"Mimi nilisema mistari ionekane. Basi! Nani aliwaambia mvue makava?" Aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia. Mumbua angeweza kusema hawakuelewana. Angeweza kusema laini ya simu, mvua, chochote. Kalunde alikuwa anamtazama kutoka kule chini mkekani, macho makavu.

"Hakuna aliyeniambia," Mumbua alisema. "Ni mimi. Niliona umetoka Nairobi, nikataka ufurahi. Nilivua mwenyewe, na sikumngoja mwenye kazi wala sikumuuliza. Halafu nikamwambia ni wewe."

Aliyasema kwa Kiswahili kwa sababu ya Mutiso, Mkamba aliyekulia mjini, kisha akayarudia kwa Kikamba, akimgeukia Kalunde, ili asibaki na pa kujificha katika lugha yoyote. Mutiso aliona ameingia katika mambo ya wenyewe. Akakohoa, akatazama saa, akasema hizo rafu zilizobaki watazimaliza tu, haina shida, machine inakaa, na lile boksi ni lao. Akaondoka bila chai.

Gari lilisikika likiteremka mpaka likapotea. Mumbua alisubiri. Alifikiri Kalunde atasimama, atachukua gunia, na safari hii hatarudi, na angekuwa na haki. Badala yake Kalunde alijikokota hadi kwenye boksi, akakata utepe kwa wembe, akatoa kitabu cha juu kabisa. Kilikuwa kinene, kipya, bado kinanuka wino. Akakiweka mezani kifudifudi, mistari juu.

"Mulika."

Mumbua akamulika. Piip.

"Imesema nini?"

"Imetaja jina la kitabu."

"Na kitu iko ndani?"

"Hicho haikijui, Mwaitu."

"Kumbe." Kalunde aliitazama tochi ile karibu kwa huruma. "Basi hata yenyewe haijasoma. Mimi na yeye tuko sawa, haiwezi kunikosea. Lakini wewe umesoma. Wewe ulikuwa unajua kila kitu iko ndani, na hukuniuliza."

Kalunde alivuta kigoda, akakaa, akaweka kidevu kiganjani kama zamani.

"Soma."

Mumbua akafungua. Kilikuwa kitabu cha kuwafunza watu wa nchi za baridi kuteleza kwenye theluji, na ni nani huko ng'ambo aliyefikiri Nunguni inakihitaji, Mungu ndiye ajuaye. Alisoma ukurasa wa kwanza, akautafsiri kama alivyoweza, akatafuta neno la theluji katika Kikamba akalikosa, akasema barafu inayoanguka kama unga. Alipofika mwisho wa ukurasa aliinua macho, akingoja Kalunde apekue mzigo wake na kuchagua karatasi.

Kalunde alikuwa amekunja mikono.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Leo sitaki ukurasa wa kwanza. Leo nataka yote."

Nje, watu wa soko walikuwa wakianza kufunga. Mumbua akafunua ukurasa wa pili, akaanza kueleza jinsi mtu anavyojifunga mbao miguuni ili ateremke mlima.